Mtoto Njiti Arudipo Nyumbani: Maziwa Kwanza, Uji kwa Wakati Wake

Siku wazazi wanaporuhusiwa kutoka wodini na mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito, furaha yao huambatana na hofu. Wauguzi hawapo tena karibu, na majirani huanza kusema: “Mbona mdogo hivi? Mpeni uji apate nguvu.” Ushauri huo hutolewa kwa upendo, lakini waweza kumdhuru mtoto.

Tumbo lake ni dogo mno. Uji mwepesi huchukua nafasi ya maziwa ilhali virutubisho vyake ni vichache, na vyombo visivyo safi huleta kuhara. Maziwa ya mama humpa chakula na kinga kwa pamoja. Anyonye walau mara 8 kwa saa 24. Akilala kupita saa 3 aamshwe, kwani njiti huchoka upesi na si kila mara hulia aonapo njaa. Akishindwa kunyonya vya kutosha, mama akamue maziwa na kumnywesha kwa kikombe kidogo kilicho safi, kama alivyoelekezwa hospitalini. Kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, humpa joto. Hata baba aweza kufanya hivyo.

Je, vyakula vya nyongeza vianze lini? Hapa umri huhesabiwa kwa namna mbili. Mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 32 aliwahi kwa wiki 8. Atimizapo miezi 6 tangu kuzaliwa, ukuaji wake hupimwa kama wa mtoto wa miezi 4 hivi. Kwa hiyo asilinganishwe na mtoto wa jirani. Mhudumu wa kliniki ataangalia umri huo, uzito, na dalili za utayari: kukaza shingo, kukaa kwa kuegemezwa, na kupeleka vitu kinywani. Wakati ukifika, aanze na vijiko viwili au vitatu vya chakula laini lakini kizito, kisichochuruzika kijikoni. Kisha polepole aongezewe maharage yaliyopondwa, yai lililoiva vizuri, samaki na matunda. Kunyonya kuendelee hadi miaka 2 au zaidi.

Jambo moja husahauliwa: akiba kubwa ya madini ya chuma mtoto huipata katika wiki za mwisho za ujauzito, na njiti amezikosa. Akiandikiwa matone ya madini hayo, wazazi wasiyakatishe kwa hiari yao.

Mtoto akikataa kunyonya, akilegea, akipumua kwa shida, au mwili ukiwa wa baridi au moto kupita kawaida, apelekwe hospitali mara moja.

Nasi katika Jumuiya Ndogo Ndogo tuna wajibu wetu. Mama anayenyonyesha usiku kucha huhitaji mtu wa kumtekea maji, kumpikia na kumfulia. Tumpelekee msaada huo, na maneno ya kulinganisha watoto tuyaache mlangoni.