Je, Wajua? Weupe Ule wa Maji Baada ya Kubadilisha Chujio ni Hewa

Umefunga chujio jipya, umefungua bomba, maji yanatoka meupe kiasi kwamba huoni upande wa pili wa glasi. Wengi huyamwaga, wengine hulirudisha chujio dukani. Subiri kwanza. Weka glasi mezani uitazame: weupe ukianza kuondoka chini kuelekea juu, maji yakatakata ndani ya dakika moja au mbili, hiyo ni hewa tu.

Chujio jipya huja kavu, vitundu vyake vyote vimejaa hewa. Maji yakiingia kwa presha, hewa hiyo hubanwa na nyingine huyeyuka humo. Yakitoka bombani presha hushuka ghafla, nayo hewa hujitenga ikawa viputo vidogo mno. Kiputo chenye upana wa milimita 0.05 hupanda karibu milimita moja na nusu kwa sekunde. Glasi yenye kina cha sentimita 10 huimaliza kwa zaidi kidogo ya dakika moja. Viputo hivyo hutawanya mwanga wa rangi zote kwa pamoja, ndipo tunapoona weupe. Ukungu unaoifunika Zirai, kwenye milima ya Usambara, asubuhi ni jambo hilohilo lililogeuzwa: matone ya maji ndani ya hewa.

Milimani weupe huu hutokea hata kwa asiye na chujio. Katika maji ya mserereko, kila mita 10 za kushuka huweza kuongeza presha inayokaribia ile ya angahewa nzima pwani, na tangu 1803 Mwingereza William Henry alionyesha kwamba presha ikizidi, gesi nyingi zaidi huyeyuka. Maji baridi nayo hushika hewa zaidi: lita moja kwenye nyuzi 10 hubeba takribani miligramu 11 za oksijeni, kwenye nyuzi 25 ni 8 hivi. Maji yakikatika, bomba huvuta hewa. Ndiyo sababu mafundi hufunga valvu za kuitoa pale bomba linapopanda kilima.

Kinachonitia wasiwasi ni ukungu unaogoma kuondoka. Mvua kubwa ikipiga mashamba ya miteremko ya Usambara, udongo huingia mitoni, na chembe ya mfinyanzi yenye upana wa milimita 0.002 huhitaji saa saba au nane kuzama kwenye glasi ileile. Maji yakiwa bado na ukungu baada ya nusu saa, fungua chujio ukague kama mpira wake umekaa sawasawa. Hata yaliyotakata, kama mlikuwa mkiyachemsha, endeleeni kuyachemsha. Vijidudu havionekani kwa macho.

Yakitoka meusi au ya kijivu, hilo ni vumbi la mkaa wa chujio. Acha yatiririke mpaka yasafike, uyakinge kwenye ndoo ya kumwagilia bustani.