Kununua Pikapu Kuukuu Ng'ambo na Kuileta Nyumbani

Wapo miongoni mwa jamaa zetu, hasa vijana walioko Uingereza kwa kazi au masomo, ambao nyoyo zao zimeelekea katika kununua motokaa za zamani na kuzileta nyumbani. Wengi wao huitaka pikapu ya Land Rover, ile ile waliyowaona baba na babu zao wakiendea shamba. Jambo hili si baya kwa nafsi yake. Lakini fedha inayotumika aghalabu ni akiba ya miaka mingi, na mara nyingi si ya mtu mmoja. Mna ndani yake mchango wa ndugu, au karo ya watoto, au fungu la urithi. Kwa hivyo tumeona yatupasa tulieleze jambo hili kwa kituo, ili ajuaye akumbuke, na asiyejua apate kujua kabla hajatoa mkono mfukoni.

Kwanza na tuijue motokaa yenyewe. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948, katika maonyesho ya motokaa ya Amsterdam, Uholanzi. Mwenye wazo lake alikuwa Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, aliyekuwa akitumia Jeep ya jeshi la Marekani katika shamba lake kisiwani Anglesey, akatamani kutengeneza gari la shamba lililo lake. Uingereza wakati huo ilikuwa imetoka vitani. Chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo, na aluminiamu ilikuwa ikipatikana kwa urahisi zaidi. Basi bodi ya nje ikafanywa kwa aluminiamu, na fremu ya chini, ambayo mafundi huiita chesisi, ikafanywa kwa chuma kilichounganishwa kwa kuchomelewa. Toleo la kwanza liliendelea hadi 1958, la pili hadi 1971, na la tatu hadi 1985. Katika matoleo yote hayo walikuwapo wa pikapu, yaani wenye chumba cha watu mbele na karai la mizigo nyuma.

Tumeyataja haya si kwa kupenda hadithi, bali kwa sababu ndimo iliyomo siri ya biashara yote. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu kama ile ya chuma. Land Rover ya mwaka 1965 yaweza kupakwa rangi mpya ikang'aa kama iliyotoka kiwandani jana, ubavu wake ukawa laini, na milango yake ikafungika vizuri. Lakini chini yake chesisi ni chuma, na chuma huliwa. Nchini Uingereza, wakati wa baridi, barabara humwagiwa chumvi ili barafu isigande. Chumvi ile huchanganyika na maji, ikarushwa na magurudumu, ikaingia ndani ya chesisi, ambayo ni kama bomba lenye uwazi, ikakaa humo mwaka baada ya mwaka. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kazi ya chumvi. Twaona mabati ya nyumba zetu na misumari ya majahazi yetu. Tena mahali ambapo aluminiamu hugusana na chuma pakiwa na maji ya chumvi, huliwa aluminiamu yenyewe, ikageuka unga mweupe.

Basi katika motokaa hii ngozi yaweza kuwa nzima na mifupa imeoza. Asiyelijua hilo hununua ngozi.

Twamjua bwana mmoja wa mji wetu aliyeletewa picha kumi na mbili za pikapu ya namna hii. Rangi yake ilikuwa ya kijani, viti vipya, na muuzaji akasema kwamba haina tatizo lolote. Bwana yule akalipa yote. Gari lilipofika, fundi aliweka jeki chini ya chesisi upande wa nyuma, akaanza kuinua. Gari halikuinuka. Ilikuwa ni jeki iliyoingia ndani ya chuma kama kisu kiingiavyo katika papai bivu. Fedha ile ilikuwa imekusudiwa kumalizia nyumba ya mamake. Nyumba ikakaa bila ya paa misimu miwili ya mvua, na pikapu ikakaa uani juu ya mawe. Muuzaji hakujibu barua tena.

Wasomaji watauliza: je, mtu atajihadhari vipi? Jibu ni kwamba motokaa kuukuu hutazamwa kutoka chini kwenda juu, si kutoka juu kwenda chini. Anayekwenda kuitazama na avae nguo za kazi, alale chali chini yake, akiwa na tochi, nyundo ndogo, bisibisi na sumaku. Agonge chesisi kwa nyundo kutoka mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia, na chuma kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Aangalie zaidi boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotoka ubavuni mwa chesisi kushika bodi, na mahali springi zinapofungwa. Kisha afunue zulia katika chumba cha dereva, atazame pale miguu inapokaa, kwani ukuta ule ulio baina ya injini na watu nao ni chuma, nao huoza. Sumaku haina kazi juu ya bodi ya aluminiamu, kwa kuwa haiishiki. Lakini katika chesisi na ukuta ule ina kazi kubwa. Ikiwa mahali fulani haishiki, ajue kwamba hapo pamezibwa kwa udongo wa rangi, si kwa chuma. Na akiona chini ya gari pamepakwa rangi nyeusi nzito, mpya, inayonuka bado, asifurahi. Aulize imefunika nini.

Injini isimtie hofu kubwa. Injini ya petroli ya senti-mita za ujazo 2286, iliyoanza kutumika mwaka 1958, yafahamika kwa mafundi wengi na vipuri vyake vingali vinapatikana. Gia zikilia, breki zikilegea, hayo hutengenezeka. Chesisi nayo hubadilishwa, na zipo mpya zilizochovywa katika zinki ili zisile kutu. Lakini kuibadilisha ni sawa na kulifumua gari zima na kulifuma upya, na gharama yake aghalabu hushinda bei ya gari lenyewe.

Lipo jambo jingine ambalo wengi huteleza kwalo. Nchini Uingereza motokaa hukaguliwa kila mwaka kwa sheria, na wanunuzi wa kwetu hudhani kuwa gari lolote lililoko barabarani kule limepita ukaguzi huo. Sivyo. Tangu Mei 2018, gari lililopita miaka 40, ikiwa halikubadilishwa sana, limesamehewa ukaguzi wa kila mwaka. Pikapu tunazozisema hapa karibu zote zimo katika msamaha huo. Basi muuzaji akisema gari lake halihitaji cheti, anasema kweli, lakini ukweli huo ni hoja ya kumtahadharisha mnunuzi, si ya kumtuliza. Hata hivyo, rekodi za ukaguzi wa miaka iliyopita zaweza kutazamwa na mtu yeyote, bila malipo, kwa nambari ya usajili. Gari lililoanguka mara tatu kwa kutu ya chesisi, kisha likaacha kupelekwa, limekwisha kujieleza lenyewe.

Hapa yafaa tukumbuke yale tuyafundishayo katika vyuo vyetu. Katika kauli yenye nguvu zaidi ya madhehebu ya Imamu Shafi, kuuza kitu ambacho mnunuzi hakukiona hakusihi. Imamu Abu Hanifa ameruhusu, lakini akampa mnunuzi hiari ya kukubali au kukataa atakapokiona. Maimamu hawa wameachana katika hukumu, wala hawakuachana katika kulijali jicho la mnunuzi. Na wote wamekubaliana kwamba muuzaji aijuaye aibu ya bidhaa yake akaificha amefanya ghushi, na kwamba mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki ya kurudisha. Ni haki njema, lakini nani atairudisha pikapu kutoka Tanga hadi Uingereza? Haki ipo, na bahari nayo ipo. Kwa hivyo njia ya salama ni uwakala. Mnunuzi amweke mtu mwaminifu aliye kule, aende akaone kwa niaba yake, na asilipe mpaka macho hayo yamerejesha habari. Wakala huyo akifuatana na fundi wa kulipwa, asiyejuana na muuzaji, ndivyo vizuri zaidi.

Kisha ni hati. Cheti cha usajili cha Uingereza, kiitwacho V5C, humtaja mwenye kulitunza gari, na chenyewe kimeandikwa wazi kwamba si ushahidi wa umiliki. Lazima basi iwepo stakabadhi ya mauzo yenye majina ya pande mbili, bei, tarehe, na nambari ya chesisi. Nambari hiyo isisomwe katika kibati tu, kwani kibati hufunguliwa kwa skrubu. Katika matoleo ya pili na ya tatu, imegongwa pia katika chuma cha chesisi, mbele upande wa kulia, karibu na springi. Nambari mbili zisipokubaliana, mtu na aondoke kwa amani. Yatakikana pia kuhakikisha kwamba gari halina deni la mkopo, na kuiarifu ofisi ya usajili kwamba linatoka nchini moja kwa moja.

Tukija katika safari ya bahari, njia ni mbili. Ya kwanza ni meli ambazo gari huingia kwa kuendeshwa na kutoka kwa kuendeshwa. Nauli yake aghalabu ni nafuu, lakini gari sharti liweze kwenda na kusimama lenyewe, wala haifai kutia mizigo ndani yake. Ya pili ni kontena. Pikapu fupi ina urefu wa mita 3.6 hivi, na ile ndefu mita 4.4 hivi. Kontena la futi 20 lina karibu mita 5.9 kwa ndani, kwa hivyo zote mbili huingia. Kontena hulinda zaidi, lakini lina gharama za kufunga, kufungua na kulibeba. Tena muda wa safari haufuati matakwa ya mtu. Mwishoni mwa mwaka 2023, kwa ajili ya mashambulio katika Bahari ya Shamu, meli nyingi ziliacha njia ya Suez zikaizunguka Afrika yote ya kusini.

Bima ya bahari isiachwe. Ipo kanuni ya kale ya mabaharia kwamba chombo kikipatwa na hatari, na kikaokolewa kwa kutoa sehemu ya mali, hasara ile hugawanywa kwa wenye shehena wote. Asiye na bima huzuiliwa mali yake hadi atoe dhamana, ingawa gari lake halikuguswa hata na tone.

Na mlango wa nyumbani nao una bawabu. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hivyo pikapu ya namna hii isipakiwe kwenda Mombasa kwa kutumaini huruma ya forodhani. Tanzania Bara haikuweka mpaka wa namna hiyo, lakini uzee wa gari huongeza kodi. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ushuru hauhesabiwi kwa bei ya gari peke yake, bali kwa bei pamoja na nauli na bima. Kisha zipo ada za bandari, za wakala wa forodha na za usajili. Siku za kukaa bandarini bila malipo ni chache, na zikiisha kila siku ina bei yake. Basi hesabu na iandikwe yote kabla ya kulipa hata senti moja. Wakala wa forodha aulizwe kwanza, si gari likiwa tayari lipo majini.

Mwenye kuandika hesabu hiyo huenda akagundua jambo la ajabu. Land Rover za zamani zilikuja kwetu kwa wingi, na zipo zilizoishi maisha yao yote katika nchi kavu za bara, hazikuonja chumvi ya barafu wala ya bahari. Rangi zao zimepauka, viti vimechanika, na karai limejaa makovu ya mawe na magunia. Mtu hupita mbele yake bila kugeuka. Lakini gonga chesisi yake usikie. Wahenga walisema chema chajiuza na kibaya chajitembeza, na katika biashara hii vile vinavyojitembeza kwa picha nzuri ndivyo vya kuchunguzwa zaidi.

Neno letu la mwisho ni kwa vijana walioko ng'ambo, kwani wao ndio macho ya wazee wao. Mzee akikuagiza ukamtazamie pikapu, naye amekwisha kuipenda kwa picha, itakuwia uzito kumwambia kwamba imeoza. Utaogopa kumvunja moyo. Mwambie. Mpelekee picha ya tundu lililo chini, si ya rangi iliyo juu, na useme, "Baba, shikamoo, hii haifai." Atanuna siku mbili, na akiba yake itabaki nyumbani mwake.