Mama Yake Alimwita Nani?

Unga mweupe ulikuwa umetujaa viatuni. Nilikuwa nimewaleta wanafunzi wangu wa Gredi ya 5 hadi Kariandusi, nje kidogo ya mji wetu wa Gilgil, na kwenye mdomo wa handaki la zamani la machimbo nikazima tochi. Kelele zikakatika.

Nikawasimulia habari za Stephen Bishop, mtumwa wa Kentucky, Marekani, aliyeanza kuongoza wageni katika pango la Mammoth mwaka 1838, akiwa na miaka kama 17. Kulikuwa na shimo ambalo viongozi wengine hawakuthubutu kulivuka. Yeye alilivuka, akafungua njia mpya ng'ambo. Mwaka 1842 alichora ramani ya pango kwa kumbukumbu tu, ikachapishwa na jina lake likatajwa. Humo pangoni pia aliliandika kwa moshi wa mshumaa. Uhuru aliupata mwaka 1856, akafa mwaka uliofuata.

Elizabeth Mitchell aliwaandikia watoto hadithi yake mwaka 2004. Mimi naandika ya mtu wa kwetu, wa rika lake Bishop: Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao. Alitekwa akiwa na miaka kama 12, akaswagwa kwa minyororo hadi Kilwa, akabadilishwa kwa nguo, akaishia Gujarat, India. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Unguja. Mwaka 1857, mwaka uleule Bishop alipokufa, alianza safari na wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, hadi Ziwa Tanganyika. Baadaye akaongoza wapagazi wa mpelelezi mwingine, Stanley, kisha akavuka bara zima na mpelelezi Cameron hadi Atlantiki. Inakadiriwa alitembea kilomita 9,600.

Nimekwama ukurasa wa kwanza. Mama anamwita mtoto arudi kutoka mtoni. Amwite nani? Sidi ndivyo Waafrika walivyoitwa India. Bombay ni mji. Jina la kwao limepotea.

"Mwalimu, mwite Juma tu," mwanafunzi mmoja akaniambia.

Mvua nimeitunga. Mbuzi nimemtunga, na wimbo wa kutwangia mahindi pia. Hadithi ya kihistoria inaniruhusu. Lakini huyu mtoto tayari alibandikwa majina na watu wasiomjua, na moyo wangu unakataa kuongeza langu.

Kwa hiyo pale mtoni, jua likizama, mama anaita mara mbili: "Mwanangu! Mwanangu!" Na mtoto anaitika.