Kobalti Iliyorudi Kabatini

Kompyuta ya ofisi mjini Kamina, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huenda ina betri yenye kobalti ya Kolwezi, kusini mwa mji huo. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Inapita viwanda vya Asia, inarudi nyumbani, kisha inasahaulika kabatini.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki. Asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Kuchoma nyaya ili kupata shaba ni biashara mbaya: moshi wake ni sumu. Afadhali kampuni ifute diski kwa programu maalumu, maana kubofya “futa” hakutoshi, na mashine nzima zipelekwe shuleni.

Mbovu? Rwanda ina kiwanda cha kurejeleza cha Enviroserve, Bugesera. Ila tangu 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unadai idhini ya nchi inayopokea kabla taka zozote za elektroniki hazijavuka mpaka.