Rangi ya Kioo Siyo Rangi ya Karatasi

Wanachama wenzetu, tulipotengeneza lebo za pakiti zetu, karafuu iling'ara kwenye kioo cha kompyuta, na jani lake kijani kibichi. Lebo ziliporudi kutoka kupigwa chapa, karafuu imefifia kama iliyonyeshewa jamvini. Mnunuzi gani ataitaka? Na kosa halikuwa la mchapaji; lilikuwa letu.

Kioo huchanganya mwanga wa rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya chapa huchanganya wino wa rangi nne: sayani, majenta, manjano na nyeusi. Mng'aro mwingine wa kioo wino hauufikii kabisa.

Basi siku hizi, kabla ya kupeleka kazi, twageuza picha katika programu ziwe za rangi nne za wino, tuone mapema kilichofifia tukirekebishe. Maandishi madogo twayaweka kwa wino mweusi mtupu. Picha huwa na vitone 300 kwa inchi, na rangi ya ukingoni hupita mstari wa kukatia kwa milimita 3. Kisha twaomba karatasi moja ya majaribio, tuitazame mchana, karafuu kavu i mkononi.

Mwenye kazi ya chapa na afanye vivyo hivyo, asije akalipia lebo mara mbili kama sisi.