Lifti ya gari katika gereji ya nyumbani: Pesa ya kwanza iende kwenye sakafu

GEREJI nyingi za vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, zilianza kwa mtaji wa jeki moja, sanduku la spana na kivuli cha mwembe. Mwenye nyumba hufungua geti, magari mawili matatu huingia uani, na kazi huanza. Hizi ndizo zinazoitwa gereji bubu, na pamoja na jina hilo baya zinalisha familia nyingi.

Kazi kubwa ya gereji hizo iko chini ya gari. Magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo ndiyo mengi barabarani, yanahitaji bushi, shokapu, ekzosi na oili ya giaboksi. Fundi hulala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, gari likiwa limeegemezwa kwenye tofali na tairi la akiba. Tofali la saruji hubeba ukuta vizuri kwa sababu mzigo wa ukuta umetandazwa. Chuma cha chini ya gari huligandamiza sehemu moja ndogo tu, na likipasuka halitoi onyo.

Ndiyo maana mwenye gereji akishapata wateja wa kudumu huanza kuulizia lifti. Lakini wengi huanza na swali la bei ya mashine, wakati maswali yanayoamua kama mashine hiyo itafaa ni matatu mengine: paa lina urefu gani, sakafu ina unene gani, na umeme uliopo ni wa aina gani.

Wapo wanaoona bora kuchimba shimo, na kwa fedha taslimu shimo ni rahisi zaidi. Hata hivyo Dar es Salaam si mji mzuri kwa mashimo. Maeneo ya mabondeni hujaa maji wakati wa masika, na mafuriko ya Desemba 2011 yalionyesha maji yanavyoweza kufika hata pale yasipotarajiwa. Aidha, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutulia shimoni, ukingojea cheche moja ya taa ya waya. Shimo pia haliinui tairi kutoka ardhini, kwa hiyo kazi ya breki na shokapu bado inahitaji jeki.

Lifti inayofahamika zaidi ni ya nguzo mbili. Mikono minne hushika gari chini ya bodi au chesisi na kuacha magurudumu yakining'inia, jambo linalofaa karibu kila kazi. Ya nguzo nne hubeba gari kwa magurudumu yake juu ya njia mbili za chuma. Ni tulivu na haidai sakafu nene kama ya kwanza, lakini inakula nafasi kubwa na haifai kazi ya breki bila jeki ya ziada. Ya tatu ni ya mkasi, na zile fupi huinua gari kiasi cha mita moja au zaidi kidogo. Wauzaji huisifia kidogo kwa sababu si ghali, lakini kwa banda la nyumbani lenye paa la chini mara nyingi ndiyo pekee inayoingia. Kasoro yake ni kwamba vyuma vyake hukaa katikati ya gari, mahali penyewe ambapo fundi angetaka kushushia giaboksi.

Hesabu ya paa ni nyepesi. Lifti ya nguzo mbili huinua gari kiasi cha mita 1.8. Saluni ndogo ina kimo cha mita 1.5, hivyo itahitaji nafasi ya mita 3.3 kabla ya kuweka hata taa. Noah na Prado zinakaribia mita 1.9, na hapo hesabu inafika 3.7. Hiace ya paa la juu ina karibu mita 2.3, jumla mita 4.1. Banda la gari lililojengwa sambamba na nyumba, kwa kimo cha vyumba vya kawaida, haliwezi. Kuna lifti ambazo mabomba na kamba zake hupita juu kwenye boriti, nazo nguzo zake hufika mita 3.5 na zaidi. Nyingine hupitisha kamba sakafuni chini ya bamba la chuma, na nguzo zake ni kama mita 2.8. Hizo za pili hufaa paa fupi, ila gari refu halitapanda hadi mwisho, na fundi lazima ajue pa kusimamisha.

Kuiweka uani bila paa si ushauri mzuri. Mota na swichi zake hazikutengenezwa kwa mvua, na katika maeneo ya karibu na bahari, kama Kunduchi na Kigamboni, hewa ya chumvi hula kamba za chuma upesi.

Sakafu ndiyo roho ya jambo lenyewe. Mtu akiitazama lifti ya nguzo mbili huona mashine nzito iliyosimama, na hudhani uzito wake unaishikilia. Ukweli ni kinyume. Mikono inachomoza kuelekea gari, hivyo uzito wa gari huvuta kichwa cha kila nguzo kiiname kwa ndani. Bolti za upande wa nje wa kitako ndizo zinazoizuia isianguke, nazo zimeshikwa na zege peke yake. Zege likiwa hafifu, bolti hung'oka na donge lake kama jino bovu, na gari lenye tani moja na nusu huja chini likiwa na mtu chini yake.

Watengenezaji wa lifti hizi hutaka zege lisilopungua unene wa milimita 100 kwa mashine nyepesi, na wengi wa zile za tani 4 hutaka milimita 150 hadi 200. Zege hilo liwe imara, lisiwe na ufa karibu na bolti. Jamvi la kawaida la nyumba lilimwagwa ili kubeba kitanda na kabati. Mara nyingi ni jembamba, limelazwa juu ya mawe, halina nondo, na niru inayong'aa juu yake haiongezi nguvu yoyote. Njia ya kujua ni kutoboa tundu dogo pale nguzo itakapokaa, kuingiza waya uliopindwa ncha, kuunasa chini ya zege na kupima. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Ajabu ni kwamba mtu aliye tayari kutoa mamilioni kwa mashine huona uchungu kutoboa sakafu yake.

Sakafu ikishindwa kipimo, dawa ni kukata na kumwaga upya mahali pa lifti. Mfano wa ukanda mmoja unaobeba nguzo zote mbili ni urefu wa mita 4, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 25. Hiyo ni mita moja na nusu za ujazo. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga moja na nusu na kokoto tatu, ukanda huo utatumia takribani mifuko 12 ya saruji ya kilo 50, pamoja na nondo. Saruji yenyewe haitoki mbali, kwani kiwanda cha Wazo Hill kiko Tegeta, na ni vyema kuchagua ya daraja la 42.5 badala ya 32.5. Pale ambapo kitabu cha mashine kinataja kipimo kikubwa zaidi, kitabu ndicho kifuatwe. Kwenye mfinyanzi wa mabondeni, au kiwanja kilichojazwa kifusi, mhandisi aone udongo kwanza.

Baada ya hapo kuna gharama ambayo haimo kwenye ankara: kungoja. Zege limwagiliwe maji kwa siku 7 walau, na lisitobolewe kwa bolti kabla ya siku 28. Fundi anayeahidi kumwaga Jumatatu na kufunga Ijumaa anauza hatari. Tundu la bolti lazima lipulizwe vumbi lote, kwani bolti ya kujitanua iliyokalia vumbi hukazika leo na kulegea baada ya wiki chache. Hukazwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu, si kwa bomba na mabega ya kijana, kisha hukaguliwa tena mashine ikishafanya kazi kwa muda.

Upande wa umeme, matumizi si tatizo. Mota ya kawaida ni ya kilowati 2.2 na huinua gari kwa kama dakika moja, hivyo gari mia moja zitatumia uniti zisizofika 4 za LUKU. Tatizo liko pale mota inapoanza kuzunguka, maana kwa nukta hiyo huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake. Waya mwembamba uliovutwa kutoka soketi ya sebuleni utapata joto, na mota itakoroma bila kuinua. Lifti inahitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye bodi, swichi yake ya kujikata na waya wa ardhini, vifungwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Nyumba nyingi zina umeme wa njia moja wa volti 230, kwa hiyo mnunuzi atamke hivyo dukani kabla ya kulipa. Mashine ya njia tatu itamlazimu kuomba laini nyingine TANESCO.

Hapa ndipo mashine za mitumba huwaumiza watu. Lifti kutoka gereji za Japani hufika kwa njia zile zile zinazoleta magari, na chuma chake mara nyingi ni kizuri. Lakini umeme wa njia tatu wa Japani ni wa volti 200, wakati wa Tanzania ni volti 400. Mota hiyo ikiunganishwa moja kwa moja inaungua, na bei ya mota mpya pamoja na pampu yake huweza kumeza nafuu yote ya mtumba. Zile za Marekani zimeundwa kwa mizunguko 60 kwa sekunde, na hapa ni 50, hivyo mota huzunguka polepole na kupata joto. Anayenunua mtumba asome kibao cha mota kwanza, rangi baadaye. Asiponunua pamoja na kitabu, hana kipimo cha zege wala cha bolti.

Jambo jingine huwashangaza wenye lifti mpya siku umeme unapokatika. Gari likishainuliwa hushushwa kidogo hadi likalie kufuli za chuma, na fundi hafanyi kazi chini yake kabla ya hapo, kwa sababu mafuta na mipira ya silinda si vya kuaminiwa na roho ya mtu. Ila katika mashine nyingi, ili kufuli zifunguke, gari lazima lipande kidogo kwanza. Bila umeme halipandi, na bila kupanda halishuki. Mteja aliyetaka gari lake saa kumi atalitazama likiwa hewani hadi usiku. Pampu ya mkono au jenereta yenye nguvu ya kutosha kuanzisha mota iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Je, inalipa? Chukua mfano kwamba mashine, zege, umeme na ufungaji vimefika shilingi milioni 12, na mwenye gereji anataka kuzirudisha kwa miaka 5. Hiyo ni shilingi 200,000 kwa mwezi, au kama 8,300 kwa kila siku ya kazi akifungua siku 24. Kama lifti inamwongezea shilingi 5,000 za ufundi kwa gari, magari mawili kwa siku yanatosha. Lakini kama fedha ni za mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya mkopo wote, mzigo unafika 380,000 kwa mwezi, na sasa anahitaji magari manne kila siku, mvua au jua. Gereji inayopokea matatu haina sababu ya kukopa kwa ajili ya lifti ya nguzo mbili. Stendi nne nzuri za chuma na jeki ya magurudumu zitamwondoa kwenye matofali kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Asiyesajiliwa kwa VAT akumbuke pia kwamba kodi hiyo anayolipa kwenye mashine hairudi.

Kwa upande wa sheria, gereji inayoajiri vijana ni mahali pa kazi, hata ikiwa nyuma ya jiko. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka isajiliwe, na vifaa vya kunyanyulia mizigo ni miongoni mwa vitu ambavyo OSHA hukagua. Mwajiri anatakiwa pia kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008.

Linabaki suala la kiwanja, ambalo wapangaji hulisahau. Lifti hufunguliwa bolti na kuhama, zege halihami. Mwaka 2017 majengo yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara yalibomolewa kupisha upanuzi, na biashara zilizokuwa humo ziliondoka na kile tu kilichoweza kubebwa. Anayefunga lifti kando ya barabara kuu aulize mpaka wa hifadhi kabla ya kununua saruji. Na anayefunga kwenye nyumba ya kupanga aandikishe ndani ya mkataba wa pango, pamoja na namba ya mashine, kwamba lifti ni mali ya mpangaji na ataing'oa akihama, na kwamba matundu ya bolti atayaziba kwa gharama yake.