Je, Wajua? Namba 63 Inayoichosha Diski Yako

Je, wajua behewa la TAZARA huvuka Tunduma kuingia Nakonde bila kupakuliwa? Reli hiyo ina upana wa milimita 1,067, sawa na za Zambia. Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000, hivyo pale Kidatu mzigo huhamishwa. Diski za kompyuta nazo zina mgogoro huo wa vipimo.

Je, wajua kwa miongo mingi sekta moja ya diski ilibeba baiti 512? Mwishoni mwa 2009 Western Digital ilianza kuuza diski zenye sekta za baiti 4,096, yaani mara nane.

Je, wajua Windows XP ya 2001 huanzisha patisheni ya kwanza kwenye sekta ya 63? Ni urithi wa hesabu za enzi za DOS. Zidisha 63 kwa 512, upate 32,256. Gawanya kwa 4,096: 7.875. Haigawanyiki!

Je, wajua hasara yake? Kila fungu la baiti 4,096 hukalia sekta mbili. Ili kuandika fungu moja, diski huzisoma zote mbili, huzirekebisha, kisha huziandika upya. Kunakili mafaili kunakuwa kwa kujikongoja.

Je, wajua tangu Vista patisheni huanzia sekta ya 2,048? Hiyo ni baiti 1,048,576, inayogawanyika kwa 4,096 mara 256 kamili.

Je, wajua baadhi ya diski za Western Digital zilikuwa na pini za kuvalisha jampa kwa ajili ya XP? Jampa ikivaa pini ya 7 na ya 8, diski huongeza moja, 63 ikawa 64. Ukiichomoa baada ya kujaza data, patisheni haionekani tena.

Je, wajua XP hukaa vizuri ndani ya patisheni iliyokwisha kupangwa sawasawa? Fundi wa Vwawa, Mlowo au Tunduma akikupigia XP kwa ajili ya programu ya zamani, agawe diski kwa Windows 7 kwanza. Ila asiguse tena mgawanyo huo kwa zana za XP: patisheni za ndani zinaweza kupotea.

Je, wajua XP ya biti 32 haisomi diski yenye jedwali la GPT? Jedwali lake la MBR, la tangu 1983, hukomea terabaiti 2.

Je, wajua unaweza kupima mwenyewe? Andika msinfo32, fungua Components, Storage, kisha Disks. Gawanya Partition Starting Offset kwa 4,096. Isipobaki desimali, diski iko sawa.